Upande wa Nje wa Shuka

Kidonda cha mama kilianza na kifungo cha shati. Kifungo cheupe cha matundu manne, kilichong'oka kwenye nguo ya mteja na kuangukia ndani ya kiatu chake, naye akasimama juu yake kutwa nzima akipiga pasi. Jioni alipovua kiatu, kifungo kilikuwa kimenata chini ya kidole gumba kama stempu kwenye bahasha.

"Tazama," akacheka, "nimeiba mali ya watu na sina habari."

Mimi sikucheka. Mtu akikanyaga kifungo kutwa asihisi kitu, basi mguu huo umeshaacha kusemezana na mwenyewe.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa kliniki ya kisukari, kwenye benchi refu, mama amenyoosha mguu uliofungwa bendeji, mimi nimemshikia kadi ya vipimo vya sukari. Kadi yake ilikuwa nzuri kuliko cheti chochote nilichowahi kupata. Tano nukta nane. Sita. Tano nukta sita. Mbele ya kila nambari nesi alikuwa amepiga alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

"Huyu mama ni wa kuigwa," nesi alisema kwa sauti, ili benchi zima lisikie. "Wote mngekuwa kama yeye, tungefunga milango tukalale."

Mama aliinamisha macho kama bibi harusi.

Daktari hakuwa na furaha hiyo. Alikuwa kijana mwenye macho ya mtu ambaye amekaa kiti kimoja tangu alfajiri. Alifungua bendeji, akatazama, akaisoma kadi, akatazama tena.

"Sukari yako iko sawa, mama. Kwa sukari hii kidonda kilipaswa kuwa kimefunga zamani. Kama hakifungi, basi tatizo ni mishipa, damu haifiki. Nakupa wiki mbili. Mkirudi kikiwa hivi hivi, tutaondoa kidole. Tukichelewa, tutaondoa zaidi ya kidole."

"Kidole gani?" mama akauliza, kana kwamba alikuwa na nafasi ya kuchagua.

"Gumba."

"Hicho ndicho ninachosimamia, mwanangu."

Ni kweli. Mpiga pasi hasimami kama watu wengine. Anaegemea mbele, uzito wote unashukia vidole, na gumba ndilo linalobeba. Miaka kumi na tisa mama amesimama hivyo, kwenye kiwanda cha kufulia nguo za nyumba za wageni. Mimi niko hapo hapo, lakini upande wa pili wa uwanja, kwenye matangi na mashine za kukamua. Tunaingia pamoja asubuhi, kisha hatuonani mpaka jioni. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonipofusha.

Tulirudi nyumbani polepole. Kila nikimtazama, ananikemea.

"Usinitazame hivyo. Kwani nimekufa?"

"Sijasema kitu, mama."

"Macho yako yanasema. Yana mdomo kuliko wewe."

Mlangoni jirani yetu alikuwa akianika nguo. Yeye huwa na utani wake mmoja, na hauchoshi hata siku moja, kwa maoni yake. "Mama Kisukari! Ugonjwa wa wenye nacho huo! Hiyo mali mmeificha wapi?"

"Chini ya godoro," mama akamjibu. "Ndiyo maana mgongo unaniuma."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikaingia ndani, nikaketi juu ya ndoo, nikashika kichwa.

Jioni tatu kwa wiki nasoma. Darasa letu mchana ni la watoto wadogo, kwa hiyo tunakalia viti vyao, magoti yanagusa kidevu, watu wazima tumejikunja kama vikapu. Muhula ule tulikuwa tunasoma mwili na vyakula. Mwalimu alituambia jambo ambalo nililiandika na kulipigia mstari: kwamba kisukari si cha wanaokula sana peke yao. Mtu anayejaza tumbo kwa mkate mweupe na chai ya sukari siku nenda siku rudi, damu yake inafurika sukari huku nyama na mifupa yake inalia njaa. "Unaweza kushiba na ukawa na njaa," alisema, "na kidonda hakijengwi kwa mkate."

Nilirudi na maneno hayo nyumbani nikamweleza mama kwa bidii yote ya mwanafunzi. Nikamwambia ule wanga tunaotia kwenye kola za mashati ndio huo huo ulio kwenye mkate.

"Kumbe!" akasema. "Ndiyo maana shingo yangu imekakamaa."

Kisha akanisogezea sahani yangu, iliyofunikwa kwa sahani nyingine ili isipoe. Maharagwe, mboga za majani, yai moja la kuchemsha. Kila jioni ya masomo nilikuta sahani hiyo. Binti yangu wa miaka minne, tunayemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa ameshakula ya kwake na amelala.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimekula kazini."

Na kazini, zile siku chache nilizopata upenyo wa kuvuka uwanja kumwita tule pamoja, alinijibu bila kuinua pasi: "Kula wewe. Mimi nitakula nyumbani."

Kwa hiyo chakula chake siku zote kilikuwa njiani. Kazini kipo nyumbani, nyumbani kipo kazini. Mimi niliyepigia mstari maneno ya mwalimu nilikula yai lile nikalala.

Siku moja kabla ya kurudi kliniki, mzigo ulituelemea. Nyumba moja ya wageni ilileta mashuka ya vyumba vyote kwa pamoja na ilitaka yarudi saa nane. Msimamizi akanitoa kwenye matangi akanipeleka chumba cha pasi kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnavuta, mnakutana, mmoja anampa mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo, mnakutana tena. Nilipewa kukunja na mama.

Palikuwa na haraka, kwa hiyo tulifanya mambo ya haraka. Mama ndiye aliyenifundisha zamani: ukibanwa na muda, piga pasi ile theluthi itakayotokea nje, halafu kunja makunyanzi yaingie ndani. Rafuni shuka litang'aa kama yai. Wapiga pasi wote wanaijua njia hiyo, na hakuna anayeitaja mbele ya msimamizi, ingawa msimamizi naye alikuwa mpiga pasi.

Mara ya tano au ya sita tulipokutana, vidole vyake viligusa vyangu na vilikuwa baridi. Chumba kile ni tanuri. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka, na yeye alikuwa na jasho pia, lakini la baridi, kama chupa iliyotolewa kwenye friji.

"Mama, kaa kidogo."

"Tumalize hili."

Alikuja kwangu na pembe zake mbili, akanipa, lakini akazipa hewa, kando kabisa ya mikono yangu. Shuka likaanguka. Akalitazama kwa mshangao.

"Nani amezima taa?" akauliza.

Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani. Magoti yake yakalegea, akaketi sakafuni juu ya shuka la watu.

Nilipiga kelele. Aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Birika, mwanamke anayetupikia chai ya saa nne, na birika lake mkononi. Lazima nieleze kuhusu chai hiyo. Kiwanda hakitoi chakula, kinatoa chai na mkate, na Mama Birika huichemsha na sukari humo humo, nyingi, mpaka kijiko kinasita. Kukataa chai yake ni kumtukana. Nilipomwona anainama kumnywesha mama, nilimzuia kwa mkono.

"Usimpe! Ana kisukari!"

"Toka hapo, mwanangu," akanisukuma kwa kiwiko. "Huyu hajala tangu juzi. Sukari imemshuka. Mshike kichwa."

Nilimshika kichwa. Mama Birika akampa kidogo kidogo, funda, anangoja, funda, anangoja, kama anayelisha kifaranga. Baada ya muda ulionizeesha, macho ya mama yalirudi. Akatuona. Akaona amekalia shuka.

"Mtalifua tena," akanong'ona.

"Hajala tangu juzi kwa nini?" nikamuuliza Mama Birika.

"Si kesho kliniki?" Alisema kama mtu anayesema, si kesho sikukuu. "Kliniki ikikaribia, mtu anafunga. Siku mbili, maji na vidonge basi. Damu inasafika, kadi inakuwa nzuri. Mimi ndiye niliyemfundisha. Dada yangu alifanya hivyo miaka minne, na kadi yake ilikuwa safi mpaka siku ile alipo..."

Akalitazama birika lake kana kwamba limeongea.

"Siku ile alipofanyaje?"

Alikaa chini, yeye ambaye sijawahi kumwona amekaa saa za kazi.

"Na siku nyingine," nikauliza taratibu, "siku zisizo za kliniki, mama anakula nini hapa?"

"Chai yangu," akasema, na mara hii hakujivuna. "Na mkate. Vikombe vitatu, vinne. Husema hiyo inatosha kumfikisha nyumbani."

Msimamizi alituruhusu dakika chache. Mama alijilaza juu ya gunia la foronya, mimi nikaketi karibu na kichwa chake. Nilitaka kumfokea, lakini nguvu hazikuwepo. Nilikuwa nimechoka kwa uchovu ambao usingizi hautoshi kuutibu.

"Kwa nini, mama?"

"Wewe unasoma. Anayesoma hawezi kusomea mkate." Alikuwa anaongea na dari. "Na mtoto anakua. Chakula kile ni cha watu wawili. Nikijiongeza mimi, tunakuwa watu watatu wenye njaa. Sasa faida iko wapi?"

"Na kadi? Kufunga ili upendeze kadi?"

Alivuta foronya moja, akainyoosha makunyanzi kwa kiganja.

"Yule nesi ananisifu," akasema hatimaye. "Unajua mimi sikwenda shule. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa maandishi."

Nilimfunika miguu kwa foronya.

Baada ya muda nikasema, "Kesho umwambie daktari."

"Nimwambie nilikuwa namdanganya? Mtu mzima mimi?"

"Mama, watakukata kidole kwa sababu ya zile vema. Daktari anaona sukari ni nzuri, ndiyo maana anailaumu mishipa. Haya, lile shuka la mwanzo tumelipiga pasi wapi?"

"Upande wa nje."

"Na ndani?"

"Makunyanzi."

"Na mgeni akilikunjua?"

"Anakuwa ameshalipa chumba," mama akasema.

Akacheka mwenyewe, cheko dogo la mgonjwa, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Sikumshinda siku ile. Mama yangu hashindwi kwa mifano.

Jioni sikwenda darasani. Nilipakua sahani moja kubwa, nikaiweka katikati ya mkeka, nikamwambia mama hasimami mpaka iishe. Alimega, akatafuna. Chiriku aliacha kula, akamkodolea macho.

"Bibi anakula!" akapiga kelele. "Mama, ona! Bibi naye anakula!"

Nimewahi kupigwa maishani mwangu, lakini sijui kama nimewahi kuumia vile. Mtoto ameishi miaka minne na bibi yake, na kumwona anakula, kwake ni ajabu la kutangazwa.

Asubuhi nesi alimtoboa mama kidole cha mkono, akatia tone la damu kwenye kipimo, akangoja. Akakitikisa. Akangoja tena.

"Kumi na tatu nukta nne? Mama! Leo umenivunja moyo."

Aliandika nambari. Mbele yake hakupiga kitu. Mama alikitazama kile kipande cheupe cha kadi mpaka tulipoitwa, mikono mapajani, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Daktari alifungua bendeji. Kidonda kilikuwa vile vile, kingo zake nyeupe, katikati shimo la kifungo. Akashika kadi.

"Leo imepanda," akasema. "Labda jana ulialikwa mahali. Haidhuru, siku moja si kitu, huko nyuma kote ni safi. Turudi kwenye kidole." Akavuta karatasi ya upasuaji, akaanza kuandika tarehe.

Alikuwa amemfungulia mama mlango wa kupitia bila aibu. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Nilifungua mdomo niseme mimi, na mama akanifinya paja, kwa nguvu ya mwanamke aliyeshika pasi miaka kumi na tisa.

"Daktari," akasema, "hebu simama hapo. Hiyo ya leo ndiyo yangu. Hizo nyingine nilizipiga pasi."

"Ulizifanyaje?"

Akamweleza. Alieleza polepole, bila kujitetea: siku mbili za kufunga, chai vikombe vinne, mkate, chakula kilichokuwa kinakwenda sahani nyingine. Hapo nikatazama sakafu. Nesi alikuwa ameingia kuchukua faili akabaki amesimama nalo.

Daktari aliweka kalamu chini. Akajisugua macho kwa viganja vyote viwili.

"Mnafanya hivi wangapi?"

"Mimi nimekuja kujisema mwenyewe," mama akajibu. "Sikuja kusema watu."

Nesi alitoa mguno ambao sijui kama ulikuwa kicheko au kilio. Daktari akainama, akaweka vidole viwili juu ya unyayo wa mama, akafumba macho kama anayesikiliza kitu kwa mbali. Akahamisha vidole, akasikiliza tena.

"Damu inafika," akasema. "Siyo nyingi, lakini inafika." Karatasi ile hakuichana, aliisukuma pembeni. Alibadilisha dawa, akamwonya kuwa kumeza vidonge vile na tumbo tupu kungeweza kumuua mapema kuliko kidonda. Akamwandikia barua apewe kiti kazini. Akataja vyakula: maharagwe, mboga za majani, mayai, mkate kidogo, chai bila sukari. "Vinapatikana kwenu?"

"Vipo," mama akasema. "Ni vya kugawana upya."

"Wiki sita. Siahidi kitu, mama. Unanielewa? Siahidi."

Kugawana upya si maneno matamu, nisidanganye. Sahani ya watu wawili ikiliwa na watatu, kila mmoja anaondoka na nafasi tumboni. Mayai yakawa zamu. Nilifanya mtihani wa muhula siku ya zamu ya mama, na nilifaulu kwa kuponea, alama za kunitosha kuvuka tu. Mama aliposikia, alinitazama kwa jicho la kusema nilikuambia.

"Yai moja lingekupandisha," akasema.

"Yai moja litakusimamisha," nikamjibu, na akaniachia neno la mwisho, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka.

Chiriku tulimpa kazi. Jioni za masomo nikirudi, nikimkuta macho, anatoa ripoti kabla sijavua viatu: bibi amekula maharagwe, bibi amekula mboga, bibi alitaka kunipa yai lake nikakataa. Mama humwita mpelelezi. Na kiwandani Mama Birika sasa ana birika la pili, dogo, limebonyea ubavuni. Humpelekea mama kwanza, kabla ya wote.

"Chai isiyo na sukari ni matusi," humwambia. "Haya, pokea matusi yako."

Watu wawili wengine wa chumba cha pasi wameanza kuomba matusi hayo hayo, kimya kimya, bila kueleza kwa nini. Mama Birika hawaulizi. Anamimina.

Wiki ya sita nesi aliandika tisa nukta moja.

"Hakuna vema?" mama akauliza.

"Bado, mama. Lakini hii naiamini."

Daktari alikitazama kidonda kwa muda mrefu, akaniita nikaone. Kwenye ukingo mmoja, ule wa ndani, palikuwa na uzi mwekundu wa nyama mpya, mwembamba kama mshono. Kingo nyingine bado zilikuwa nyeupe.

"Leo hatukati," akasema. Leo. Nililisikia neno hilo na mama pia alilisikia. Tulilichukua kama lilivyo.

Kazini siku hiyo mama aliketi kwenye kiti chake, mguu juu ya kreti, akavuta shuka mezani. Akapiga pasi theluthi ya nje. Halafu badala ya kulikunja, akaligeuza, akaanza na ndani.

"Na muda?" msimamizi akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mama, gari linangoja!"

"Lingoje," mama akasema. Akatia maji, mvuke ukapanda, akasukuma pasi taratibu juu ya makunyanzi. "Wewe, mwanafunzi, usisimame tu. Njoo ushike huku."